Mstari wa Ndiyo

Mbonile alikuwa fundi wa kuhesabu watu waliosimama. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa katika kijiji kimoja juu kidogo ya Isansa, na katika miaka yote ya uenyekiti wake hakuwahi kushinda kwa karatasi. Alishinda kwa miguu ya watu. Siku ya uchaguzi wagombea walisimama uwanjani mbele ya mtambo wa kumenyea kahawa, wanachama wakajipanga kila mmoja nyuma ya anayemtaka. Naye Mbonile, hata kabla hesabu haijaanza, alikuwa ameshapitisha macho kwenye mstari wa mwenzake, taratibu, uso baada ya uso, kama mtu anayechagua kuku wa kununua. Hakumtukana mtu wala hakumtisha mtu. Alitazama tu, na alichokitazama hakukisahau.

Ikupa, ambaye kijijini wengi walimwita mama Pendo, aliyajua macho hayo. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama nyuma ya mzee Yesaya, aliyegombea na Mbonile akabwagwa. Msimu ulipofika akapeleka kahawa yake mbivu mtamboni asubuhi, akaambiwa asubiri kidogo. Akasubiri. Waliokuja nyuma yake wakamenyewa kahawa zao wakaondoka. "Mama Pendo, mashine imezidiwa, vumilia," wakamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma zaidi. Jioni mashine ikazimwa. Sasa kahawa mbivu haina subira hiyo. Ikilala kwenye gunia inachacha, na ikishachacha hakuna maji ya kuirudisha. Kesho yake ilimenywa ya kwanza kabisa, kwa heshima zote, ikiwa inanuka kama pombe ya jana. Mnadani ikaangukia daraja la mwisho, na Pendo akakosa muhula mzima wa shule.

Ikupa alilia mpaka akachoka. Kisha akaapa kwamba hatasimama tena kwenye mstari wowote wa chama kile mpaka siku kura zitakapopigwa kwa siri.

Hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Ili kura zipigwe kwa siri, masharti ya chama yabadilishwe kwanza. Ili masharti yabadilishwe, theluthi mbili ya wanachama wakubali. Na namna ya kukubali, kwa masharti hayohayo, ni kusimama kwenye mstari mchana kweupe. Yaani anayeogopa kuonekana aonekane kwanza, ndipo apewe ruhusa ya kutoonekana! Aliyetunga utaratibu ule hakuwa mjinga hata kidogo.

Basi mkutano mkuu ukaitishwa mwezi wa tano, kahawa ikiwa imeanza kuwa nyekundu mashambani. Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kukata masikio, watu wakaja wamejifunika makoti na vitenge, wakajaa uwanja wa mtambo. Kina mama walikuwa wengi kuliko zamani. Wanaume wengi wa rika la Deus, mume wa Ikupa, walikuwa wamehamishia riziki zao Tunduma, wakivusha mchele na vitenge kati ya hapo na Zambia, na mashamba ya kahawa wakawaandikishia wake zao. Kwa hiyo wanachama walikuwa ni hao wake, si waume tena. Wilaya nayo ilikuwa imemleta afisa ushirika, dada mmoja mgeni wa huku, aliyekuwa akipuliza viganja vyake ili vipate joto.

Yesaya ndiye aliyeleta hoja. Alieleza kwa kifupi: sanduku moja, pazia moja, kila mtu na karatasi yake.

Mbonile akainuka akitabasamu. "Ndugu wanachama, mimi sina neno. Nauliza tu kama mtoto: anayeficha kura anaficha nini? Sisi ni wakulima, tunajuana. Mtu mwaminifu anasimama hadharani. Mwizi ndiye anayetafuta pazia."

Watu wakanung'unika, wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hapo akasimama mzee Nsajigwa.

Huyu alikuwa mzee wa ukoo mkubwa kuliko wote pale, baba mzazi wa Deus, na tangu kaka zake walipofariki alikuwa baba wa watoto wa kaka zake pia. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, ulimi wake mzima. "Mwenyekiti," akasema, "nyumbani kwako choo kina mlango?"

"Kina, mzee wangu."

"Ukiingia unaufunga?"

"Naufunga."

"Huwa unaiba nini mle ndani?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hata afisa aligeuka pembeni akaziba mdomo. Ikupa naye alicheka, lakini kwa ndani tu na uso ameuelekeza kwingine, kwa sababu mzee yule alikuwa baba mkwe wake.

Na hili inabidi lielezwe, maana ndilo lililotaka kuua kila kitu siku ile. Kwa watu wa pale mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Hamwiti jina, hamtazami usoni, hapazi sauti mahali alipo. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Benchi alilokalia mzee mkamwana halikalii, hata kanisani baba akikaa upande huu mkamwana anakwenda ule. Vijana wengine waliosoma wanaona ni mambo ya kale, lakini katika ukoo wa Nsajigwa yalishikwa kwa mikono miwili. Ikupa alikuwa amempikia mzee huyo chakula tangu Pendo hajazaliwa, na hakuna siku mzee alisikia sauti yake zaidi ya mnong'ono nyuma ya ukuta. Si chuki, wala si woga. Ni heshima, na ilikwenda pande zote mbili, kwani mzee naye alikuwa akikohoa kila alipokaribia jikoni ili wanawake wapate kusogea.

Mbonile aliacha kicheko kiishe chenyewe. Kisha akanyoosha mikono. "Vizuri. Tupige kura. Wanaotaka masharti yabadilike, mstari wa Ndiyo uanzie pale kwenye nguzo ya umeme. Wasiotaka, mstari wa Hapana uanzie hapa kwenye mtambo. Mistari ikishafungwa, atakayekutwa katikati hahesabiwi, ni kama hakuja. Na tuanze kwa heshima. Wazee watangulie."

Kama alikuwa amelipanga au lilimtokea tu, watu wanabishana mpaka leo. Ninachoweza kusema ni kwamba mzee Nsajigwa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alishika mkongojo wake, akavuka uwanja akichechemea, akajikita kwenye nguzo ya umeme, wa kwanza kabisa kwenye mstari wa Ndiyo, kifua mbele. Yesaya akajipanga nyuma yake, akifuatiwa na wazee wengine, kisha vijana wachache wenye mioyo, kisha Ferista, mjane wa ukoo mwingine, aliyekuwa shoga yake Ikupa.

Ikupa alikuwa tayari ameinua mguu. Usiku kucha alikuwa amejipa moyo wa kuonekana mara moja tu, mara ya mwisho, ili kahawa yake isije ikaoza kila msimu kama ya mwaka jana. Aliinua mguu, akaushusha palepale.

Mstari mmoja na baba mkwe!

Akatazama kulia na kushoto. Mke wa shemeji yake amesimama. Recho, mke wa mtoto wa mmoja wa kaka za mzee Nsajigwa, amesimama. Wanawake wote wa ukoo ule, na walikuwa wengi, walikuwa wamekwama katikati ya uwanja wakivutana vitenge, hakuna anayekwenda mbele wala nyuma. Mwaka jana mzee hakuwepo, alikuwa Igamba kwa binti yake akiuguza mguu, na miaka ya nyuma wao hawakuwa wanachama. Kwa hiyo jambo hili halikuwa limemjia mtu yeyote kichwani. Yesaya alipanga kila kitu, pazia mpaka sanduku, akasahau kwamba mstari nao ni kama benchi.

Na mzee mwenyewe hakuona kitu. Alikuwa amewapa mgongo, kama inavyompasa.

"Kina mama, msiogope!" Yesaya akapaza sauti, akidhani ni macho ya Mbonile yamewashika. "Njooni!"

Ikupa alimwona Mbonile akiwatazama wanawake, kisha akimtazama mzee, kisha akiwatazama tena wanawake. Akaelewa. Uso wake ulitulia kama wa mtu aliyeshiba.

"Kina mama," akasema kwa sauti ya asali, "huku kwenye Hapana kuna nafasi tele. Hakuna wa kumkwepa."

Mstari wa Hapana haukuwa mfupi. Waliotaka kumenyewa kahawa zao mapema walikuwa wamejipanga wakitazama chini. Ikupa alipima kwa macho: bila wanawake wa ukoo wake, Ndiyo ilikuwa haifiki hata karibu na theluthi mbili. Pendo angebaki nyumbani tena. Yeye mwenyewe angebaki kumwambia "shikamoo" Mbonile kwa kichwa kilichoinama mpaka uzee wake.

Recho akatoka. Hakumtazama mtu. Akaenda kusimama kwenye Hapana, kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo mguu wake uliruhusiwa kukanyaga. Mwingine akamfuata.

"Nafunga mistari," Mbonile akasema. "Afisa, jiandae kuhesabu."

Ikupa aliwaza kumwendea Yesaya amnong'oneze, lakini Yesaya alikuwa amesimama mgongoni kwa mzee. Kumfikia yeye ni kumfikia mzee. Na hata kama angefika, amwambie nini? Kumwondoa mzee kwenye mstari kwa sababu ya wake za wanawe ni maneno ambayo mwanamume mwenye adabu hayatamki hadharani. Akawaza kukimbia tu, ajitupe mwisho wa mstari, liwalo na liwe. Lakini wenzake wasingemfuata, na kura moja isingeokoa kitu. Angebaki na aibu mikononi na kahawa iliyooza juu yake.

Mbonile alikuwa ameinua mkono. Ikupa akasikia sauti, kali, inayopasuka, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake.

"Ferista! Ferista we!"

Uwanja mzima ukageuka. Mzee Nsajigwa hakugeuka, lakini mabega yake yalishtuka.

"Ferista mwenzangu, nakuomba utuombee radhi kwa wenye mstari huo," Ikupa alisema, macho yake ameyakaza kwa shoga yake, asije akateleza akatazama kwenye nguzo. "Sisi wanawake wa nyumba hii tunaitaka Ndiyo. Tumekuja kwa ajili yake. Lakini mlango wa Ndiyo kasimama baba. Hatuna pa kupita, Ferista. Hatuna."

Mtu mmoja akakohoa akajutia. Mke wa shemeji yake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, kwani hayo yalikuwa maneno ya kutozwa mbuzi, na kwa wazee wengine mbuzi asingetosha. Afisa, mgeni wa watu, akauliza maana yake nini, na hakuna aliyemjibu. Ikupa akasimama palepale. Sasa Mbonile alijua kila kitu. Ikupa hakubaki na siri hata ya kufunikia kidole, na kama Ndiyo ingeanguka, asingekuwa na haja ya kuichuma ile kahawa.

"Nahesabu," Mbonile akasema haraka.

Mkongojo ukagonga chini.

Mzee Nsajigwa alitoka kwenye nguzo. Hakumwangalia mtu. Akaanza kuvuka uwanja, mguu mbovu ukiburuta vumbi, macho ameyapeleka mbali kwenye vilima. Wanawake wakaona anakuja upande wao, wakachutama wote kwa pamoja, vitenge juu ya vichwa, nyuso zimegeuzwa. Akapita. Ikupa alisikia pumzi yake, nzito, ya mtu anayepanda mlima.

"Nsajigwa!" Yesaya akaita. "Unakwenda wapi? Nsajigwa!"

Mzee alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mtambo, akasimama kwenye mstari wa Hapana.

Upande wa Mbonile ukapiga makofi na vigelegele. Upande wa Ndiyo kijana mmoja akapiga mbinja. "Mzee kakatiwa mpunga, kahongwa!" akasema, na wengine wakaguna. Yesaya alikuwa amefungua mdomo, amesahau kuufunga. Urafiki wao ulianza wakiwa wachungaji wa mbuzi, na sasa alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Karibu, mzee wangu, karibu sana!" Mbonile alisema, sauti imemjaa furaha. "Mmeona, ndugu zangu? Hekima hiyo. Mtu mzima akigundua amekosea anahama, hakuna ubaya. Karibu!"

Ndipo Recho akapiga kelele ndogo. Alikuwa kwenye Hapana, watu watatu tu mbele ya mahali baba mkwe wake aliposimama. Alichomoka mle kama aliyekanyaga moto, na yule mwenzake nyuma yake, wakakimbia kuvuka uwanja, kitenge kimoja kikadondoka njiani na mwenyewe asikigeukie. Na wale waliokuwa katikati wakainuka. Ikupa aliwahi mbele yao wote, akashika mgongo wa Ferista kwa mikono miwili, wakaja, wakaja, mstari wa Ndiyo ukarefuka mpaka ukapinda kwenye uzio.

"Hapana! Hapana, simameni!" Mbonile alikuwa amepandwa na jazba. "Mistari imefungwa! Aliyesimama amesimama! Recho, rudi hapa!"

"Mwenyekiti," afisa akasema. Alikuwa bado hajaelewa mambo ya wakwe, lakini hili alilielewa. "Umemkaribisha mzee alipohama. Umesema mwenyewe hakuna ubaya. Kama yeye ameruhusiwa, na hawa wanaruhusiwa."

"Huyo ni mzee!"

"Ni mwanachama. Nahesabu mimi."

Akahesabu. Akarudia. Kila mara alipofika kwa wanawake wa ukoo ule alipunguza mwendo, na Ikupa aliifuata midomo yake ikitaja namba. Mbonile alimfuata nyuma akihesabu kwa kidole, na kabla afisa hajamaliza kidole chenyewe kilikuwa kimeshuka.

"Theluthi mbili imefika," afisa akasema. "Imezidi kidogo. Masharti yamebadilika. Uchaguzi ujao ni kwa karatasi."

Ferista akapiga kigelegele cha kupasua mbingu. Watu wakakumbatiana, Yesaya akarushwa juu na vijana mpaka kofia yake ikaangukia upande mwingine wa uzio. Ikupa alicheka, akalia, hakujua lipi lianze. Lakini jicho lake lilikuwa pembeni, kwenye mtambo, pale ambapo mstari wa Hapana ulikuwa ukimomonyoka, mtu mmoja mmoja akiondoka bila kuaga. Mzee alibaki amesimama peke yake akiegemea mkongojo. Vijana waliopita karibu naye hawakumwamkia. Yesaya aliposhushwa chini alimtazama mara moja, akatema mate pembeni, akamgeuzia mgongo.

Ikupa aliungua moyo. Alitaka kuwashika wote makoti awaambie. Alitaka kumpigia mzee magoti. Hakuweza hata kumkaribia.

Mbonile ndiye aliyemkaribia. Alikuja akijifuta uso kwa leso, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kusikika, maana alitaka wasikie. "Leo nimewajua watu wangu. Wengi wamenigeuka, wewe hukunitupa. Sitasahau, mzee. Mpaka huo uchaguzi wao ufike, mashine bado iko chini yangu. Kahawa yako itakuwa ya kwanza."

Mzee Nsajigwa aliuchomoa mkono wake taratibu.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa kura yako, mzee. Nimeiona kwa macho yangu."

"Wewe umeona miguu, Mbonile." Alisema polepole, lakini kelele za uwanjani zilikuwa zimepungua na kila neno lilifika. Akainua mkongojo, na bila kugeuza kichwa, macho yake bado yako kwenye vilima, akaunyoosha nyuma yake, kuelekea kwenye uzio walikokuwa wamesimama wanawake wa ukoo wake. "Kura yangu iko kule. Imevaa vitenge."

Yesaya aligeuka. Alimtazama mzee, akawatazama wanawake, na Ikupa aliona kwenye uso wake jambo lile likiingia lote kwa mara moja.

Mzee hakumngoja. Alikohoa mara mbili, kwa nguvu, kama anavyokohoa akikaribia jikoni, ili walioko njiani wapate kusogea. Ikupa akajivuta kitenge usoni na kusogea pamoja na wenzake, akilia bila kujificha, na mzee akapita kwenda nyumbani.